Wasaidizi wa kisheria: Masomo yapo, ajira je?

Vijana wanaosomea stashahada ya usaidizi wa kisheria katika Chuo cha Sheria cha Kenya, jijini Nairobi, wana sababu ya kuwa na matumaini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliitambua rasmi kazi yao, nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 48, inaitaka Serikali kuhakikisha kila mtu anapata haki.

Hata hivyo, kutambuliwa si kuajiriwa. Msaidizi si wakili. Hawezi kumtetea mshtakiwa kortini, wala haruhusiwi kumtoza ada maskini anayepewa msaada chini ya sheria hiyo. Mshahara wake sharti utoke kwa mwajiri: kampuni ya mawakili, Serikali au shirika la kutetea haki. Mashirika mengi nayo hutegemea wafadhili, na ufadhili ukikoma, kazi hukoma.

Anayeumia zaidi ni mahabusu asiyejua kwamba ana haki ya kuomba dhamana. Maelezo ya dakika chache yangemfaa. Serikali isipotenga fedha za kuwaajiri wasaidizi hawa, haki ya mnyonge itasalia maandishi matupu.