Picha Zinazokwenda

Wako wazazi huku Rungwe wasemao ya kwamba katuni za watoto ni mazingaombwe. Sisi twasema, picha hizo haziendi kamwe. Kila moja imesimama kimya; katika sinema picha 24 hupita kwa sekunde moja, nasi tutazamao ndio tuziunganishao. Émile Reynaud wa Paris, mwaka 1892, alipaka rangi kila picha kwa mkono wake (kazi ya subira kweli!) akazimulika penye pazia. Ubongo Kids, kipindi kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, huundwa kwa kompyuta. Lakini jicho ni lile lile.

Mwalimu asiyesadiki na achore ndege pembeni mwa kila ukurasa wa daftari, bawa likipanda kidogo kidogo, kisha aziachilie kurasa upesi kwa kidole gumba. Daftari kuukuu yatosha.