Ugumu Upi Huipa Timu Ushindi?



Juma hili tutafakari swali ambalo wapenzi wa mpira wa magongo wa barafuni, huko Kanada na Marekani, wamelibishania miaka mingi: je, timu iliyojaliwa vipaji yahitaji pia ugumu wa mwili ili ishinde? Katika mchezo huo wachezaji 6 wa kila upande hukimbilia kisahani kigumu cha raba wakiteleza juu ya barafu, na sheria humruhusu mtu kumkumba kwa bega mpinzani aliye nacho. Hata wanaopigana ngumi, katika ligi kuu ya NHL, kwa kawaida hutolewa nje kwa dakika 5, kisha hurejea.

Wako wanaoamini kwamba ubabe ndio siri ya ushindi. Hao hututajia Philadelphia Flyers, timu iliyoogopwa kwa ngumi zake na ikatwaa Kombe la Stanley mwaka 1974 na 1975. Ni kweli. Lakini langoni mwao alisimama Bernie Parent, aliyetuzwa miaka yote miwili kuwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Na mwaka 1976 Montreal Canadiens, timu ya mbio na ufundi, iliwashinda fainali kwa michezo 4 mfululizo.

Wako pia wanaosema kipaji chatosha. Hao nao wawatazame Tampa Bay Lightning. Msimu wa 2018–19 walishinda michezo 62 kati ya 82. Kisha, katika raundi ya kwanza ya mtoano, wakakutana na Columbus Blue Jackets. Mchezo wa kwanza waliongoza kwa mabao 3 kwa bila, wakafungwa 4 kwa 3. Hatimaye walitolewa bila kushinda hata mchezo mmoja.

Viongozi wao hawakuwafukuza mafundi wao wala kocha. Waliwaongezea watu wa kazi ngumu: Pat Maroon, Blake Coleman na Barclay Goodrow. Mwaka 2020 wakakutana tena na Columbus. Mchezo wa kwanza ulikwenda hadi muda wa nyongeza wa tano, ndipo Brayden Point, mmoja wa mafundi wale wale, akafunga bao la ushindi. Katika fainali nahodha Steven Stamkos, aliyekuwa nje miezi kadhaa kwa maumivu, alicheza muda usiofika dakika 3 tu, akafunga bao, na hakuweza kuendelea. Kombe likaja mwaka huo, na tena mwaka 2021.

Basi, kwa maoni yetu, ugumu wahitajika, tena sana. Ila tusichanganye mambo mawili. Upo ugumu wa kumuumiza mwenzio, na upo ugumu wa kutovunjika moyo unapochoka, unapokumbwa, unapokuwa nyuma. Wa pili ndio uliowapa Tampa kile ambacho kipaji peke yake hakikuwapa.

Ule wa kwanza una gharama. Derek Boogaard aliajiriwa hasa ili apigane. Katika michezo 277 ya ligi alifunga mabao 3 tu. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta katika ubongo wake ugonjwa unaohusishwa na vipigo vya kichwa vinavyorudiwarudiwa. Maelfu walimshangilia alipokuwa akipigana. Je, shangwe hizo zilimfaa nini?

Hata ustahimilivu una mpaka wake. Hatusemi majeruhi alazimishwe kucheza, wala kijana afiche maumivu ya kichwa ili aitwe mwanaume. Kocha anayedai hivyo hajengi ugumu, bali anabomoa mtu.

Sisi tulio wazazi, walimu na walezi wa timu za vijana, za mchezo wowote ule, hatuna budi kuchagua tutakachokisifu. Tukimpigia makofi aliyempiga mwenzake, tutawapata wapiganaji. Tukimsifu aliyeanguka akainuka na kurudi kuisaidia timu yake, tutawapata washindi, na watarudi nyumbani wakiwa wazima. Mvumilivu hula mbivu. Mbabe, mara nyingi, hula kipigo.

Tuwatakie nyote juma jema.