Mtaala wa Kiswahili na Ulimi Usiopimwa

Kila mageuzi ya elimu yanapotangazwa nchini Kenya, mjadala huelekea upesi kwenye idadi ya miaka na majina ya masomo. Hukaririwa tarakimu: 7-4-2-3, 8-4-4, na sasa 2-6-3-3-3. Ni nadra kuulizwa iwapo sehemu zote za mtaala mpya zinaelekea upande mmoja. Ilhali mtaala ni kitu kizima: malengo, mada, mbinu, vitabu, maandalizi ya walimu na upimaji. Ralph Tyler, msomi wa Marekani aliyeandika kuhusu misingi ya mitaala mwaka 1949, aliyafungamanisha maswali manne. Shule inakusudia nini? Ni tajriba zipi zitakazomfikisha mwanafunzi kwenye kusudi hilo? Tajriba hizo zitapangwaje? Itajulikanaje kwamba kusudi limefikiwa? Wapo waliomkosoa Tyler kwa kuyapanga mambo kama ngazi ya kupandwa kidato kwa kidato. Hata hivyo, funzo lake halijachakaa: jibu la swali la mwisho lisipolingana na la swali la kwanza, yote yaliyo katikati hupindwa yakaufuata mtihani.

Historia ya karibu inatoa ushahidi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, ulikusudia kumlea kijana wa kujitegemea. Ndiyo sababu kilimo, useremala, ushonaji na sayansikimu vilipewa nafasi. Wazazi walitakiwa kujenga karakana, na katika shule nyingi kuta zilisimama bila vifaa na bila walimu waliofunzwa. Mwanafunzi akawa anakariri sehemu za randa asiyowahi kuishika. Mapema katika miaka ya 2000 masomo yaliyotahiniwa katika KCPE yalipunguzwa yakawa matano, na stadi za mikono zikasukumwa pembeni. Lengo lilikuwa jema, ila lilitumwa safari bila masurufu.

Mgala muue na haki umpe. Ni mfumo huohuo uliokipa Kiswahili hadhi ya somo la lazima na la kutahiniwa, kama ilivyokuwa imependekezwa na Kamati ya Gachathi mwaka 1976. Isitoshe, silabasi ya shule za sekondari ya mwaka 2002 ilileta mtazamo mseto, yaani lugha na fasihi kufundishwa kwa kutegemeana, na stadi nne za kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika kukuzwa pamoja. Kwa mtazamo huo, hadithi fupi moja ingeweza kumfunza mwanafunzi vitenzi, msamiati, maudhui na jinsi ya kusimama mbele ya wenzake akatetea maoni yake. Wazo hili lilistahili kupongezwa, na lingali linastahili.

Tatizo linajitokeza pale mtihani wa KCSE unapotazamwa. Karatasi ya kwanza ni ya insha na ina alama 40. Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Karatasi ya tatu, ya fasihi, ina alama 80 pia. Jumla ni alama 200, na zote hupatikana kwa kalamu. Hotuba huandikwa kama insha, hakuna anayeihutubia. Mahojiano huandikwa na mtu mmoja anayejiuliza na kujijibu. Fasihi simulizi, ambayo uhai wake wote umo katika sauti, fanani na hadhira, hujibiwa kimyakimya katika chumba cha mtihani ambamo kutoa sauti ni kosa. Katika isimujamii, mtahiniwa hutakiwa kueleza sifa za lugha ya sokoni au ya mahakamani, na hakuna anayetaka kujua kama anaweza kuitumia lugha yenyewe.

Kwa hiyo kati ya stadi nne zilizoahidiwa, mbili hazipimwi moja kwa moja. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi hamsini na zaidi, anayedaiwa wastani wa alama kila mwaka, hahitaji kuambiwa achague nini. Kipindi cha kuzungumza hugeuzwa kipindi cha kufanyia masahihisho ya majaribio. Kumlaumu mwalimu huyo ni kumwonea, maana anautii mtaala kwa jinsi unavyojidhihirisha kwake. Anayeumia ni kijana anayehitimu kwa alama ya juu, kisha akiombwa amshukuru mgeni wa kijiji kwa Kiswahili, akababaika na kukimbilia Sheng au Kiingereza. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya, katika ibara ya 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi huzungumzwa bungeni, mahakamani na katika ofisi za umma, na kuiandika tu hakutoshi.

Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umefungua mlango. Mawasiliano na ushirikiano ni miongoni mwa umilisi wa kimsingi unaosisitizwa. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika tathmini ya KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 ya matokeo ilitengewa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Hapo ndipo ulimi unapoweza kupimwa. Hata hivyo, mlango kuwa wazi si hoja ikiwa hakuna anayeingia. Tathmini za shuleni zinaweza kugeuka kazi ya kujaza fomu, mwalimu akakadiria alama za mazungumzo ambayo hayakufanyika. Hayo yakitukia, mtaala wa umilisi utakuwa umerithi ugonjwa wa karakana tupu.

Yapo mapingamizi yanayofaa kuzingatiwa. La kwanza ni gharama. Kifaransa na Kijerumani hupimwa kwa mazungumzo katika KCSE, na Muziki una mtihani wa vitendo, lakini watahiniwa wa masomo hayo ni wachache wakilinganishwa na malaki ya wanaofanya Kiswahili. Haiwezekani kila mmoja wao aletewe mtahini kutoka nje. La pili ni haki: je, mtoto wa Lamu au Mvita hatapendelewa, na wa Turkana au Kisii kuadhibiwa kwa lafudhi yake?

Mapingamizi haya yanahitaji mpango madhubuti, na hayatoshi kulifuta wazo lenyewe. Walimu wa shule wanaweza kuwapima wanafunzi wao kwa vigezo vilivyotolewa kitaifa, kisha sampuli ya kazi zilizorekodiwa ikakaguliwa na watahini wa nje. Vigezo navyo vipime ufasaha, mpangilio wa hoja, uwezo wa kusikiliza na kujibu, na uteuzi wa msamiati unaofaa muktadha. Lafudhi isiyozuia maana isimpunguzie mtu alama. Bila shaka hayo hayatafaulu kama madarasa yataendelea kufurika na walimu kubaki wachache. Ndivyo ilivyo kwa mtaala: ukigusa upimaji, umegusa pia bajeti, ratiba na ajira.

Umegusa vyuo vikuu vilevile. Mwalimu wa shule hudaiwa mseto ambao yeye mwenyewe hakufundishwa. Katika idara nyingi isimu na fasihi hufunzwa kama majirani wasioamkiana; mwanafunzi mmoja hujiita mwanaisimu, mwenzake mwanafasihi, na kila mmoja akamdharau mwenziwe kidogo. Fasihi simulizi husomwa kwa muhtasari wa mhadhara, na mitihani yake huandikwa. Kisha wanafunzi hao hao hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha wakitarajiwa kuunganisha kile walichopewa kikiwa vipandevipande. Idara zinazotaka mtaala wa shule ubadilike zinafaa kuanzia nyumbani: kozi moja ya mbinu ifundishwe na wanaisimu na wanafasihi kwa pamoja, na kila mhitimu apimwe akisimulia, akijadili na akihutubu.

Samaki mkunje angali mbichi. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji, kimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika sekondari ya juu, ngazi iliyopangiwa kuanza mwaka 2026. Upimaji wa ngazi hiyo haujapata mazoea, na mazoea yakishaota mizizi ni vigumu kuyang'oa. Vyama vya Kiswahili na wahadhiri wana wajibu wa kudai mapema kwamba sehemu ya alama za somo hili itokane na mazungumzo yaliyosikilizwa kweli. La sivyo, mtoto wa Kenya atasoma Kiswahili tangu Gredi ya 1 hadi ya 12, na asitokee mtu hata mmoja atakayemwambia: hebu sema, unasikilizwa.