Buku isiyofutika

Mmetuuliza juu ya blokucheni: ni kitu gani, na leta inaweza kuitumia kwa faida gani kwetu sisi wa Sange?

Tuanze na AVEC zetu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wamama watatu. Kila mmoja ana karne yake yenye mihuri ya hisa zake. Mtu akibadilisha hesabu usiku, kesho karne za wenzake zitamkatalia. Blokucheni ni hivyohivyo: buku moja, lakini nakala zake ziko kwenye mashini nyingi, na kila ukurasa unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Ukifuta mmoja, alama hazipatani tena na wote wanaona.

Ilianza na pesa za Bitcoin mwaka 2009. Baadaye serikali nazo ziliitazama. Mwaka 2017 Georgia, jirani ya Urusi, ilikuwa inalinda hati za ardhi kwa njia hiyo. Mwaka 2018 Kenya iliunda kikosi cha kuichunguza, chini ya Bitange Ndemo.

Faida tunaiona. Vita ikichoma ofisi, buku inaungua na majina yetu. Nakala zikiwa sehemu nyingi, mkimbizi akirudi ataonyesha kwamba parseli ni yake.

Lakini tusikilize vizuri: buku hiyo inalinda kilichoandikwa tu. Uongo ulioandikwa siku ya kwanza, inaulinda pia. Parseli mliyoinunua pamoja, kwa jasho la mihogo yako, ikiandikwa jina la bwana peke yake, mashini zote zitashuhudia kwamba ni ya bwana peke yake. Na mtoto ambaye hakutangazwa, hakuna mashini itakayomjua.

Kwa hiyo kazi yetu haingoji mashini. Sheria ya Kongo inatupa siku 90 tangu mtoto azaliwe tumtangaze kwenye etasivili, bila malipo. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali ya watoto: safari, makaratasi, makuta.

Wiki hii, mwenye mtoto mchanga ahesabu siku, achukue karatasi ya materinite, aende. Mwenye kununua shamba na bwana wake aombe majina yote mawili yaandikwe kabla ya kutia kidole. Jirani asiyejua kusoma, tumsindikize na tumsomee kila mstari.