Haki Zote Zimehifadhiwa: kwa Faida ya Nani?

Fungua kitabu chochote cha Kiswahili, tazama nyuma ya ukurasa wa jina, nawe utayakuta maneno matatu: Haki zote zimehifadhiwa. Yamekuwa kama bismillahi ya wachapaji. Hapana aulizaye zimehifadhiwa kwa ajili ya nani, wala dhidi ya nani. Wenzangu wa vyuoni wameyazoea hata wakiandika mhadhara wa kurasa kumi kwa wanafunzi wao huyatia chini, kana kwamba mwizi yuko mlangoni anaingojea sarufi yao. Naandika kuyapinga mazoea hayo, na najua baadhi ya wakubwa wangu hawatapendezwa.

Kwanza tuelewane juu ya sheria. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa baadaye, maandishi huwa na hakimiliki tangu yanapotungwa, pasipo kusajiliwa popote. Na muda wake, kwa kawaida, haupungui uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi mhadhiri asiyesema neno lolote amekwisha kuufunga mlango, apende asipende. Mwanafunzi atakaye kuichapa sura nzima na kuwagawia wenzake, au kuitafsiri kwa Kiganda, hana budi kumtafuta mwandishi, au mchapaji, au warithi. Mimi mwenyewe nilimwandikia mchapaji mmoja mara tatu juu ya kitabu kilichokwisha madukani zamani, nikiomba ruhusa ya kukinakili kwa darasa la watu 40. Sikujibiwa. Kitabu hakiuzwi, hakinakiliwi, hakisomwi. Lakini haki zake zote, naam, zimehifadhiwa.

Leseni huria ni dawa ya ugonjwa huu, nayo si kama wasemavyo wale wanaoiita kutapanya mali. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwanza huko Marekani mwezi wa Desemba 2002, haziifuti hakimiliki hata chembe. Zimejengwa juu yake. Mwenye kazi hubaki kuwa mwenye kazi. Analofanya ni kutangaza mapema, kwa watu wote, ruhusa ambazo angeombwa mojamoja. Leseni hizo ni sita, na zote zadai jina la mtungaji litajwe. Zaidi ya hapo kila mtu huchagua: aweza kuwataka wanaoitumia kazi yake waitoe kwa masharti yaleyale, aweza kukataza biashara, aweza kukataza mabadiliko. Atakaye kuacha haki zake zote anayo hati nyingine, iliyotolewa mwaka 2009, lakini hakuna amlazimishaye.

Huambiwa kwamba jambo hili ni la kigeni. La kigeni ni jina lake. Mshairi wa takhmisi hufanya nini? Huchukua mistari miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, pakawa ubeti wa mitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, wala hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa hakuficha mistari ile ni ya nani. Watungaji wengi wa tenzi nao walitaja majina yao na mwaka wa kutunga katika beti za mwisho. Walitaka kutajwa, wanakili hawakuwazuia. Na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangekuwa wapi leo, kama Mwalimu Sikujua asingeyahifadhi na kumpa Taylor, hata yakafika mikononi mwa Hichens aliyeyachapisha mwaka 1940? Yalihifadhiwa kwa kupita mkono kwa mkono.

Lakini hata walio wepesi wa kukubali hukosea katika kuchagua, nami kosa lao nataka kulishika kwa nguvu. Mwanachuoni akiambiwa atumie leseni huria, huikimbilia ile inayokataza mabadiliko, kwa hofu ya hoja zake kupotoshwa. Hajui kwamba tafsiri, kwa sheria, ni badiliko. Akiandika kwa Kiingereza juu ya ngeli au juu ya tenzi za Pate, akaiweka kazi yake chini ya leseni hiyo, amemkataza kila mtu kuitoa kwa Kiswahili mpaka aombwe. Lugha iliyompatia shahada hairuhusiwi kuipokea kazi yake! Na hofu yenyewe ina dawa: toleo la nne la leseni hizi, la mwaka 2013, lamtaka abadilishaye aonyeshe kwamba amebadilisha, na mwandishi asiyeridhika aweza kutaka jina lake liondolewe. Watungaji wa hadithi za watoto wametushinda kwa hili. Mradi wa African Storybook, uliofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi zinazovuka kutoka lugha moja ya Afrika hadi nyingine, Kiswahili kimojawapo, kwa sababu leseni zake zaruhusu kutafsiri.

Juu ya kukataza biashara sina ugomvi mkubwa. Wengine huhofu kwamba hata mwenye mashine ya kunakili kando ya chuo atakuwa mkosaji. Mahakama moja ya rufani ya Marekani iliamua mwaka 2018, katika kesi ya FedEx, kwamba duka linalonakili kwa malipo kwa ajili ya shule yenye ruhusa halijavunja sharti hilo.

Sasa fedha. Mwandishi wa riwaya aishiye kwa mauzo ya kitabu chake simwambii atoe kitu. Ana haki ya kila senti, na anayemnakili kwa siri anamla nyama. Maneno yangu ni kwa sisi tulio na mshahara, ambao makala zetu hazitupi hata shilingi. Tunalinda nini? Hata hivyo mtu asidanganywe: leseni ikitolewa hairudishwi kwa aliyekwisha kupokea na kutii masharti, basi asome kabla ya kutia sahihi.

Tena hakuna awezaye kutoa ruhusa ya kitu kisicho chake. Nawaona vijana wakirekodi ngano za bibi fulani kijijini, wakaziweka chini ya leseni huria kwa jina lao wenyewe, wakajiona wakarimu. Ukarimu gani huo, wa mali ya mwingine? Mapatano ya Swakopmund ya mwaka 2010 yalifanywa ili kulinda sanaa za jadi zisichukuliwe hivyo. Bibi aulizwe kwanza, aelezwe kwa lugha yake, na jina lake litangulie. Akikataa, ngano yake ikae.

Jarida hili laweza kuanza na toleo lijalo. Makala za waliokufa zitahitaji warithi watafutwe, na kazi hiyo ni ndefu. Sisi tulio hai twahitaji mstari mmoja tu chini ya ukurasa wa kwanza, na kalamu ya mhariri ya kuyafuta maneno yale matatu. Ya kwangu ameshapewa idhini.