Ofisi Mfukoni: Neema au Nakama?

Zamani mfanyakazi wa ofisi alijua kazi imekwisha alipotia mlango kufuli saa 11 jioni. Bosi akikumbuka jambo saa 3 usiku, ilimbidi angoje kupambazuke. Siku hizi kufuli hiyo haina maana tena. Ofisi imeingia ndani ya simu ya mkononi, na simu yenyewe inalala kando ya mto.

Mambo haya yalishika kasi mwezi wa Machi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alipotangazwa hapa nchini, serikali iliwahimiza waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani. Wengi hawakuwa na kompyuta huko nyumbani. Walichokuwa nacho ni simu. Basi mikutano, ripoti na amri za kazi zikahamia WhatsApp. Ugonjwa ulipopungua, milango ya ofisi ilifunguliwa, lakini baadhi ya makampuni hayakurudi yalivyokuwa. Mtu huenda ofisini siku mbili tatu kwa juma, zilizobaki yuko nyumbani, na lile kundi la WhatsApp liko palepale.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Simu imesaidia. Anayefanyia kazi nyumbani haamki usiku wa manane kupigania matatu, wala hamalizi mshahara kwa nauli. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kutuma ripoti huku mwanawe yuko karibu. Fundi aliye Lodwar anaweza kupiga picha ya mtambo ulioharibika, akamtumia mkubwa wake aliye Nairobi, na akajibiwa papo hapo. Isitoshe, sisi Wakenya tumezoea kufanya mambo makubwa kwa simu ndogo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Kwa hivyo sisemi simu itupwe.

Ninachosema ni hiki: kazi ikihamia kwenye simu, basi gharama za ofisi na saa za ofisi zihame pamoja nayo. Waajiri wengi wamehamisha kazi peke yake.

Tuanze na gharama. Ofisini, stima, meza na intaneti hulipiwa na mwenye kampuni. Nyumbani je? Dada yangu mkubwa hufanyia kazi nyumbani siku 3 kwa juma. Kila siku hununua data ya shilingi 50 kwa pesa zake mwenyewe. Hizo ni shilingi 150 kwa juma, na kama shilingi 600 kwa mwezi. Bado hatujahesabu stima ya kuchaji, wala simu yenyewe inayozeeka kwa kazi ya mwenyewe mwingine. Kwetu sisi, shilingi 600 ni unga. Ukweli ni kwamba mwajiri amepunguza kodi ya ofisi, na mfanyakazi ndiye anayeilipa kidogo kidogo bila kujua.

Pili ni saa. Ujumbe ukiingia saa 4 usiku, mtu akiufungua tu, alama mbili zinageuka buluu na bosi anajua umesomwa. Asipojibu, kesho anaulizwa mbele ya wenzake kama analala kazini. Akijibu, amefanya kazi ambayo haiandikwi popote. Walimu wetu wapendwa wanaelewa nisemayo, maana kundi la kazi halijui Jumapili wala likizo. Na sisi tunaoshinda shuleni na kurudi nyumbani jioni tunajionea: mzazi yuko mezani, lakini macho yako kwenye simu na chakula kinapoa.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Je, siku ambayo simu imelia mara 20 kwa ajili ya kazi ni siku ya kupumzika kweli? Wengine wameona shida hii. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika Januari 2017, inayotaka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kuzima simu ya kazi. Mwaka 2021 Ureno ilikwenda mbali zaidi: mwajiri asimsumbue mtu wakati wa mapumziko isipokuwa kwa dharura, na amlipe gharama zinazoongezeka za stima na intaneti. Hata hapa kwetu, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa mwaka 2022 wa kumlinda mfanyakazi asiyejibu simu baada ya saa za kazi.

Najua kuna watakaoteta kwamba biashara haina saa. Sikatai. Muuguzi hufanya kazi usiku, na kuna vijana wetu wanaohudumia wateja wa Marekani wakati sisi tumelala. Lakini hao wana zamu inayojulikana na kulipwa. Tatizo si kazi ya usiku. Tatizo ni kazi isiyo na mwisho wala malipo.

Wengine watasema, asiyetaka aache kazi. Hilo ni rahisi kutamka. Kazi zilivyo adimu, nani atathubutu kumwambia mkubwa wake angoje asubuhi? Ndiyo maana jambo hili lisiachiwe mtu mmoja mmoja. Liandikwe kwenye mkataba, na sheria ilitilie nguvu.

Wanafunzi wenzangu, miaka michache ijayo tutakuwa tukitafuta kazi, na huenda ofisi ya kwanza tutakayopewa ikawa simu. Kabla ya kutia sahihi, tuulize mambo matatu: kazi inaisha saa ngapi, data inalipwa na nani, na dharura maana yake ni nini. Mwajiri mwema hatakasirika. Na anayekasirika, heri tumjue mapema.