Mbio ndefu za baiskeli: Pesa weka kwa tairi na taa, fremu ingoje

Kila nikiongea na vijana kuhusu mbio za masafa marefu za baiskeli, swali la kwanza ni bei. "Bro, baiskeli ya hiyo kazi ni ngapi?" Hakuna anayeuliza atakula nini saa nane za usiku, ama atafanya nini mnyororo ukikatika akiwa kilomita 30 kutoka sokoni. Ni bei tu. Na ukishataja bei ya zile fremu za kaboni tunazoziona kwa video, mtu anatikisa kichwa, anasema hayo ni mambo ya wazungu, story inaishia hapo.

Mimi nakataa. Nasema kijana wa Nairobi, Nakuru ama Eldoret aliye na baiskeli ya mtumba iliyo sawa anaweza kujiandaa kwa mbio hizi na azimalize. Kinachomzuia mara nyingi ni kwamba anaweka pesa mahali si pake: ananunua jina la fremu kwanza, halafu taa, tairi na nauli vinabaki vya "nitaona tu".

Kwa wale hawajui, hizi ni mbio za kujibebea kila kitu. Unapewa njia kwenye simu, saa inaanza kuhesabu, na haisimami hata ukilala. Hakuna gari la kukufuata, hakuna mtu wa kukupa maji dirishani. Unaruhusiwa kununua chakula dukani, kulala lojing'i na kutengenezewa baiskeli na fundi wa barabarani, mradi mshindani mwingine yeyote angeweza kupata huduma hiyo hiyo. Lakini rafiki yako akikuletea tyubu kwa pikipiki, umevunja sheria.

Na hawachezi. Mwaka 2023 Lachlan Morton wa Australia aliendesha njia ya Tour Divide, kama kilomita 4,400 kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Mexico, kwa siku 12 na saa kadhaa. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa muda mfupi hivyo. Lakini muda wake haukutambuliwa kama rekodi, kwa sababu alikuwa akifuatwa na watu wa kupiga filamu. Fikiria hiyo. Sheria inayomnyima staa rekodi kwa sababu ya kamera ni sheria inayokupa wewe nafasi. Barabarani mko wawili: wewe na mfuko wako.

Morton huyo huyo, mwaka 2021, aliamua kuendesha njia nzima ya Tour de France peke yake, pamoja na ile mikato ambayo wenzake walivushwa kwa basi na ndege. Zaidi ya kilomita 5,500. Goti lilipoanza kumsumbua, alivua viatu vya bei vinavyoshikana na pedali, akafunga pedali za kawaida na kuvaa sandali. Alifika Paris siku kadhaa kabla ya lile kundi kubwa. Sandali, wasee.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mbio ambazo Mkenya anaweza kuzifikia bila viza ya kuhangaikia ni Race Around Rwanda. Ni takriban kilomita 1,000, zinaanzia Kigali, lami na vumbi vimechanganywa, na milima haiishi. Unaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na basi la kupitia Kampala linakufikisha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi huko tangu 2017. Kwa hivyo tuchukue hizi kama mfano wetu, tupange pesa kwa mpangilio.

Kwanza ni mahali mwili wako unagusa baiskeli. Kiti, usukani, pedali. Ukiendesha kilomita 150 kwa siku kwa wiki nzima, kiti kibaya kitakutoa mbioni kabla mlima haujakutoa. Kiti kizuri si lazima kiwe ghali, kinatakiwa kilingane na mifupa yako ya makalio, na hilo utalijua tu kwa kukikalia saa sita, saba, zaidi ya mara moja. Nunua kaptula mbili zenye pedi, moja ya kuvaa, moja ikikauka. Mafuta ya kujipaka ya kawaida yanapunguza msuguano kabla malengelenge hayajaanza.

Pili ni mahali baiskeli inagusa ardhi. Hapa usibane pesa. Tairi ya milimita 40 hadi 50 inafaa njia ya mchanganyiko, kama fremu yako ina nafasi ya kuipokea. Nyembamba zaidi itakurusharusha kwa mawe hadi mikono ife ganzi. Wengi siku hizi wanatumia tairi zisizo na tyubu, zile zinazowekwa maji ya gundi ndani yanayoziba matundu yenyewe. Ni nzuri. Lakini tairi ikichanika ubavuni, gundi inamwagika yote, na utahitaji tyubu. Beba mbili, pampu, viraka, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya mpasuko.

Kisha gia. Rwanda inaitwa nchi ya vilima elfu na hawatanii. Ukiwa na mzigo, unataka gia nyepesi kabisa ambayo meno ya nyuma ni mengi kuliko ya mbele, ama angalau yawe sawa. Kama mbele una 34 na nyuma kubwa zaidi ni 28, utashuka usukume. Kubadilisha kaseti na mnyororo kunagharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na fremu mpya, na faida yake utaisikia kwa magoti kila siku.

Tatu ni taa na breki, na hapa naomba tusikilizane. Machi 2017, Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha Transcontinental Race, aligongwa na gari akafa karibu na Canberra, Australia, kabla ya mapambazuko, akiwa kwenye mbio za kuvuka nchi hiyo. Mbio zilisimamishwa. Huyo alikuwa kati ya waendeshaji bora kabisa duniani wa mbio hizi. Sisi tunaojua madereva wetu, na tunaojua barabara zetu zisizo na bega, tunathubutuje kutoka usiku na katochi ka simu kamefungwa na raba?

Nunua taa mbili za nyuma, kwa sababu moja itazima bila wewe kujua. Nunua taa ya mbele inayodumu usiku mzima kwa mwanga wa kati. Vaa rifleksa, ile fulana ya wanaboda inatosha kabisa. Na kumbuka Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Ukichoka, akili inarudi nyumbani, unajikuta upande wa kushoto unatazamana na lori. Bandika alama kwenye usukani ikukumbushe.

Nne ni vipuri vidogo ambavyo hakuna anayevionyesha kwa picha. Kuna kile kikono kidogo cha aluminiamu kinachoshika mashine ya gia ya nyuma. Kimetengenezwa makusudi kipinde ama kivunjike kabla fremu haijaumia, na kila aina ya baiskeli ina chake. Baiskeli ikianguka vibaya kikavunjika, hakuna duka la kijijini litakalokuwa nacho. Ni kipande cha kuingia mfukoni, na bila hicho unaweza kurudi nyumbani kwa basi. Beba kimoja. Ongeza pingili za kuungia mnyororo, pedi za breki, waya mmoja wa gia na spoku mbili tatu za saizi yako zilizofungwa kwa tepu kwenye fremu.

Hapa ndipo baiskeli ya kawaida inaipita ile ya maonyesho. Rwanda kuna mafundi wa baiskeli kila kituo, kwa sababu huko baiskeli inabeba abiria, maziwa na viazi. Fundi huyo anajua breki za waya, anajua beringi za kawaida, anajua kunyoosha ringi kwa macho. Ukimpelekea breki za mafuta na waya za gia zilizopitishwa ndani ya fremu ya kaboni, atakutazama tu kwa huruma. Baiskeli ya chuma ama aluminiamu yenye breki za diski za waya, fundi wa Musanze na fundi wa Mlolongo wote wataielewa.

Lakini ujuzi uwe nao wewe kwanza. Mimi niliachia chuo njiani, kwa hivyo msinitarajie nihubiri vyeti. Nasema tu kwamba kuziba tairi gizani, kuunga mnyororo na kurekebisha gia ni masomo yasiyo na karo. Nenda kwa fundi wa mtaa wenu, mnunulie chai, kaa hapo siku nzima ya Jumamosi, chafua mikono.

Tano ni mabegi. Yale ya madukani yana bei ya kukufanya ukae chini kwanza. Lakini kuna watu wanaoshona viti vya matatu na maturubai ya malori mjini kote. Chora umbo la katikati ya fremu yako kwenye katoni, mpelekee mmoja na turubai zito na zipu nzuri. Vitu vizito, yaani vifaa, pawabanki na chakula, vikae hapo katikati, chini. Nguo na koti viende chini ya kiti na kwenye usukani. Begi la nyuma likiyumba ukisimama kupanda mlima, halijafungwa vizuri ama umelijaza sana. Na kama umezoea kukinga nguo kwa mvua kwa mifuko ya plastiki, sahau: Rwanda iliipiga marufuku 2008, na sisi wenyewe 2017. Tafuta mfuko mmoja wa kukunja mdomo usioingiza maji.

Koti la mvua na sweta jepesi, Gikomba ipo. Usidanganyike na neno Afrika. Kigali yenyewe iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na milimani upande wa Nyungwe baridi ya usiku na mvua si mchezo. Pia chaja: plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haiingii kwa soketi zao za matundu ya duara. Adapta ya bei ya chakula cha mchana itakuokoa usibaki bila ramani.

Najua kuna atakayeniambia fremu nyepesi inasaidia mlimani. Ni kweli, inasaidia. Lakini tupige hesabu. Tofauti ya fremu ya kaboni na ya chuma ni kilo moja na nusu hivi, mbili ukizidisha. Maji ya chupa tatu za lita moja ni kilo tatu. Na mtu anayesimama mara nane kwa siku, dakika 15 kila mara, akitafuta chaja ndani ya begi lisilopangwa, anapoteza saa mbili. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni kilomita 30 kila siku. Hakuna fremu itakayokurudishia hizo.

Kuna msee tunaendesha naye Jumapili. Alichukua mkopo wa chama akanunua fremu ya kaboni, na baiskeli ni moto, siwezi kukataa. Lakini wakati wa kujisajili mbioni ulipofika hakuwa na ada, wala nauli ya basi, na mpaka leo analipia baiskeli inayoning'inia ukutani. Ana miguu kunishinda mara mbili. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma: kipaji kinakaa nyumbani kwa sababu ya kitu kilichokuja wa kwanza kwenye orodha badala ya wa mwisho.

Na vipaji tunavyo. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki mwaka 2022 akishindana Vermont, Marekani, alijitolea kuhakikisha waendeshaji wa Afrika Mashariki wanapata nafasi ya kushindana na dunia. Migration Gravel Race ilipoanza Maasai Mara mwaka 2021, wageni walikuja kukimbia na vijana wetu hapa hapa. Mlango uko wazi kidogo. Tusijifungie wenyewe kwa kuamini kwamba tiketi ni baiskeli ya bei ya gari.

Kwa hivyo kabla hujaniuliza bei tena, fanya hivi. Panga mzigo wako wote sakafuni, toa theluthi moja, funga ulichobaki nacho kwa baiskeli uliyo nayo sasa. Teremka Magadi Jumamosi, kama kilomita 110 kutoka Nairobi, kwenye lile joto, ulale huko, urudi ukipanda Jumapili. Wiki nyingine panda Limuru usiku kwenye ukungu, ukiwa na wenzako. Andika kila kilicholegea, kila kilichokuuma, kila ulichobeba na hukukigusa. Hiyo karatasi ndiyo orodha yako ya kununua. Kama baada ya hapo fremu bado iko juu ya orodha, basi nitumie picha yake, tuongee.